Waliita Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Ni mimi Ameir, na hii ndiyo saa yetu ya Kiswahili hapa Durban. Leo sikuwapigia muziki wa kufungulia. Nimechoka, na nawaambia mapema ili msije mkadhani betri za redio zenu zinaisha.

Leo tunamkumbuka mtu mmoja. Jina lake ni Protas Rwechungura. Nalirudia, maana habari yote ya leo iko hapo: Protas Rwechungura. Mzaliwa wa Kamachumu, mkoa wa Kagera, Tanzania. Mkazi wa Isipingo, hapahapa Durban. Mume wa Coletha, baba wa Clara. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sitini na miwili.

Wengi wenu mnaofanya kazi maghala ya Mobeni mtasema hamumjui. Mnamjua sana. Ni Bonny. Bonny wa foklifti, yule mzee mwembamba aliyekuwa akinyanyua makasha marefu kuliko nyumba na hata yai lisivunjike. Kazini aliitwa Boniface Mutalemwa. Nyumbani aliitwa Protas. Mtu mmoja, majina mawili. Shikeni hilo, mengine yote yatafuata.

Protas alikuja Durban mwaka 1999. Alikuja na rafiki yake, huyo Boniface Mutalemwa wa kweli. Walikaa dawati moja shule ya msingi, wakachapwa na mwalimu mmoja kwa kosa moja, wakaja Afrika Kusini kwa basi moja. Boniface ndiye aliyekuwa na bahati ya makaratasi. Mwaka 2001 alipata kibali, akapata na barua ya kazi katika ghala moja la Mobeni. Aanze Jumatatu. Ijumaa ikaja simu kutoka Kamachumu: baba yake amefariki.

Boniface alikuwa mrithi. Ninyi mliotoka Kagera mnajua maana yake. Mrithi hatumi mwakilishi. Lazima awepo mwenyewe, akalishwe kwenye kiti cha baba yake ukoo mzima ukitazama, akabidhiwe shamba la migomba na makaburi yaliyomo. Kwa hiyo Boniface alifunga virago Jumamosi. Stendi ya basi akamkabidhi Protas bahasha. Ndani mlikuwa na kibali na barua ya kazi. Picha ya kwenye kibali ilikuwa ndogo na mbaya, mtu kakunja uso; ingeweza kuwa ya yeyote kati yetu, hata yangu mimi.

"Ingia Jumatatu," Boniface akamwambia. "Nishikie nafasi. Miezi miwili nitakuwa nimerudi."

Miezi miwili ikawa miaka ishirini na mitatu. Boniface alioa, akapanda kahawa, akazoea kiti cha baba yake. Hakurudi.

Sasa nawaona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Acheni. Nani kati yetu hajawahi kumshikia mwenzake nafasi? Tunashikiana nafasi kwenye foleni ya uhamiaji toka saa kumi alfajiri. Tunashikiana vyumba, zamu, hata wachumba, na huko nako nawajua. Protas alishika nafasi. Ubaya ni kwamba mwenye nafasi hakuja kuichukua, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi kuiachia.

Clara, binti yao, ana miaka ishirini na mitatu. Nilikaa naye juzi kwenye ngazi za nyumba yao, tukiwafukuza nyani waliokuwa wameshafungua mkate wa msiba. Akaniambia, "Anko Ameir, mimi nilijua kudanganya kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Simu ikilia wakamuuliza Boniface, namwita Baba. Shuleni wakiniuliza jina la baba, ni Protas. Sikukosea hata siku moja. Nilikuwa mtoto hodari sana." Hakuwa anajisifu.

Mwaka 2022, mwezi wa nne, mvua ile ya mafuriko mnaikumbuka. Sihitaji kuisimulia, wengine bado mna madoa yake ukutani. Alfajiri hiyo Protas alikuwa zamu. Maji yaliingia ghalani kwa kasi hadi kiunoni. Walinzi wawili walikuwa wamenasa kwenye kibanda cha geti. Protas akaingia na foklifti, injini ikikohoa, akawapandisha walinzi wale juu ya uma wa mashine kama mtu anayepakia magunia, akawanyanyua hadi kwenye paa la ofisi. Foklifti ikazima palepale. Yeye akakaa juu ya kiti chake kwa muda wa saa nne nzima, maji yakimlamba magoti, hadi walipomfuata.

Kampuni ikapiga picha yake, ikaitundika ukutani kwenye ukumbi wa kulia chakula. Chini wakaandika kwa herufi za dhahabu: shujaa wetu, Boniface Mutalemwa.

Libère, Mkongomani aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, ananiambia kuwa tangu siku ile Protas hakuwahi kula akiitazama ile picha. "Ule muzee alikuwa anageuza kiti," Libère anasema. "Kila siku anakaa mgongo ku picha. Tulizani iko na haya tu."

Haikuwa haya ya kusifiwa. Coletha anasema mumewe alirudi siku ile ya picha, akavua viatu, akakaa kitandani. "Akaniambia, Mama Clara, nimefanya jambo jema moja maishani mwangu, na leo sifa zake amepewa Boniface."

Wasikilizaji wapendwa, hapa naingiza mtu mwingine. Anaitwa Lynn Nkatha. Ni Mkenya, Mmeru, anafundisha fasihi katika chuo kikuu kimoja hapa mjini. Kazi yake kwa miaka mingi ni tamthilia za Wamarekani za karne iliyopita. Na ndani ya hizo, jambo moja tu linamsumbua: vipi mtu wa kawaida anaweza kuwa shujaa wa tanzia.

Kila Jumamosi mchana alikuwa akija ukumbi wa kanisa, Isipingo, kusoma tamthilia hizo na watu wetu. Ilianza kama darasa la Kiingereza. Protas alikuja mara ya kwanza mwaka 2023 akiwa bado amevaa kizibao cha kazini kinachong'aa. Alifuata Kiingereza. Akabaki kwa sababu ya hadithi. Mwalimu Nkatha alimpa kusoma sehemu za akina baba. Alisoma Kiingereza kwa kujikwaa, kisha akasema maneno yaleyale kwa Kiswahili, na watu wakaacha vitabu wakamtazama.

Mwalimu aliwaeleza hivi. Zamani, tanzia ilikuwa mali ya wafalme. Mfalme anaanguka, nchi inatikisika. Kisha wakaja hawa Wamarekani wakasema, hapana, chukua mtu mwenye kodi ya nyumba na mke aliyechoka na viatu vinavyobana. Naye ana kitu kimoja ambacho hatakubali kukiachia. Anaweza kuwa amekosea. Mara nyingi amekosea. Lakini anakishikilia hadi kinamwangusha, na anapoanguka hakuna nchi inayotikisika, ni vyombo tu vya jikoni kwake. "Na kwake yeye," Mwalimu akasema, "hakuna nchi nyingine zaidi ya hilo jiko."

Protas akanyoosha mkono. Mwalimu Nkatha anaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko anavyotaka.

"Mwalimu, huyu mtu wa kwenye tamthilia kwa nini haitikii tu wanavyotaka? Angeitikia, yakaisha, akaenda kulala."

"Angeitikia angeishi, Mzee Protas."

"Kwa hiyo kuitikia si dhambi."

"Si dhambi hata kidogo. Ila hapo hatungekuwa na tamthilia."

Darasa likacheka. Protas naye akacheka. Mwalimu alikaa hapa studioni jana, mbele ya kipaza sauti hiki, akaniambia: "Lilikuwa jibu la kufurahisha darasa, Ameir. Nimelitoa miaka kumi na tano kwa wanafunzi wanaoliandika kwenye daftari na kulisahau. Sikujua kuna mtu analibeba mwenyewe mpaka nyumbani." Kisha akaomba maji.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwezi wa tatu mwaka jana nililetewa tangazo la kifo kutoka Kagera. Nikalisoma hapa, siku ya Jumapili, saa kumi na moja jioni. Nilisema hivi: Boniface Mutalemwa, aliyewahi kuishi Durban, amefariki dunia. Nililisoma mara moja, haraka haraka, kwa sababu nilikuwa na matangazo mengine manne na mtangazaji wa saa inayofuata alikuwa ameshaanza kukohoa mlangoni.

Tangazo lilikuwa la kweli. Boniface wa kweli alikuwa amekufa kule Kamachumu, kwenye kiti cha baba yake. Lakini Mobeni nzima ilimjua Boniface Mutalemwa mmoja tu.

Siku ya pili yake ilikuwa sikukuu, kazi zimefungwa. Ilipofika saa nne asubuhi watu kumi na mmoja walishuka kwenye taxi, hizi daladala za hapa, Isipingo, wakapanda kile kilima. Wamebeba sukari, mchele, na blanketi jipya la mfiwa. Libère akiwa mbele, macho mekundu. Wakapiga hodi. Mlango ukafunguliwa na Protas, kavaa fulana na kaptula, ndizi ya kuchemsha mkononi.

Libère ananisimulia. "Nikaangusha sukari. Nikasema, Bonny, weye uko muzima? Si tulisikia ku radio umekufa! Eish! Akaniangalia tu. Hakucheka hata."

Watu walicheka, bila shaka. Walicheka kwa woga kwanza, halafu kwa furaha. Wakaingia ndani, wakala wali wa msiba wao wenyewe. Wakanitukana mimi kwa zamu. Wengine walihoji, imekuwaje tangazo liseme aliwahi kuishi Durban? Coletha akawamiminia chai na kusema ni majina kufanana. Alikuwa hodari kama binti yake.

Lakini Protas alikuwa amekaa kwenye kona, hajaonja kitu. Rafiki yake wa dawati moja amekufa, na hawezi kumlilia mbele za watu, kwa sababu mbele za watu yeye ndiye huyo rafiki. Hebu litazameni jambo hilo. Mimi nimelitazama mwaka mzima na bado linanichosha.

Siku tatu baadaye alinifuata kituoni. Nilijua anakuja kunigombeza, nikajiandaa kuomba radhi. Akaniambia kila kitu, kuanzia ile bahasha ya stendi.

"Hukukosea, Bwana Ameir," akasema. "Ulichosoma ni kweli. Boniface amekufa. Taabu yake ni kwamba kesho saa moja asubuhi anatakiwa kazini."

Nikamuuliza nimsaidieje. Akasema, "Siku yangu ikifika, utalisoma tangazo langu wewe. Lisome polepole. Lisome mara mbili." Nikamwambia aache maneno ya ajabu, bado yupo yupo sana. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nilimpa ahadi kwa namna tunavyowapa wazee ahadi, ili waende nyumbani.

Nyumbani kulikuwa moto. Protas alikuwa amekata kauli: atakwenda ofisini kuwaambia jina lake. Ilibaki miaka miwili astaafu. Coletha alimwambia kwa upole, akamwambia kwa ukali, akamwambia kwa kulia.

"Nilimwambia, Baba Clara, jina unalo hapa ndani. Mimi nakuita. Mtoto anakuita. Padri anakuita. Kule ghalani waache wakuite wanavyotaka, hata wakuite meza. Jina haliivi sufuriani." Hivyo ndivyo alivyomwambia, na anayarudia maneno hayo leo bila kuyaonea aibu. "Na bado naona nilikuwa na haki," anasema.

Mimi pia naona alikuwa na haki. Nasema hadharani.

Protas alikuwa na jibu moja tu. "Mama Clara, nilikuwa nashika nafasi ya mtu aliye hai. Sasa nashika nafasi ya maiti."

Mwezi wa tano kampuni ikaandaa sherehe ya wafanyakazi wa muda mrefu. Protas aliitiwa cheti na koti. Meneja akasoma jina: Boniface Mutalemwa. Makofi. Protas akasimama, akatembea hadi mbele, mikono nyuma, hakupokea. Akasema kwa Kiingereza alichojifunza Jumamosi, polepole, kwamba anashukuru sana, lakini huyo aliyeitwa amezikwa Kagera mwezi wa tatu. Yeye anaitwa Protas Rwechungura. Ndiye aliyefanya kazi hiyo. Ndiye aliyekuwa kwenye maji.

Libère anasema walisikia hata friji ya soda ikinguruma. Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Kwa hiyo si Bonny?" Akajibiwa, "Nyamaza wewe."

Siku hiyohiyo aliambiwa aache ufunguo wa foklifti mezani. Na mafao yake? Yaliandikwa kwa jina la marehemu. Hayo sitayaingia, wanasheria bado wanayo. Picha ikashushwa ukutani. Libère anasema pamebaki mraba wa rangi safi, na hakuna aliyetundika kitu pale hadi leo.

Wiki iliyofuata Protas alikwenda kituo cha polisi kula kiapo. Mwalimu Nkatha alimsindikiza na kumwandikia maelezo. Karatasi moja, wasikilizaji wapendwa. Inasema: mimi Protas Rwechungura nilitumia jina la Boniface Mutalemwa toka mwaka fulani mpaka mwaka fulani, na alama za vidole zilizo hapa chini ni zangu. Muhuri. Sahihi. Kwa karatasi hiyo angeweza kurudishwa Tanzania wakati wowote. Coletha aliichukua, akaikunja mara nne, akaitupa juu ya kabati na hakutaka kuiona tena.

Mambo ya uhamiaji yakaanza, kuomba karatasi za jina lake mwenyewe. Njoo wiki ijayo. Njoo mwezi ujao. Huku nyuma Protas akatafuta riziki. Aliuza mikanda na kofia pembeni mwa stendi ya taxi, Isipingo. Alichora jina lake kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa, PROTAS, akalitundika juu ya kofia. Unafikiri kuna aliyelisoma? Wateja wote walimwita malume, mjomba, kama wanavyomwita kila mzee wa hapa. Nilipita siku moja nikamtania: "Umeacha kazi kwa ajili ya jina, sasa unaitwa mjomba wa watu wote." Alicheka sana, hadi akashika ubavu. Nilifurahi kumwona akicheka. Sikuuliza kwa nini ameshika ubavu.

Protas alikuwa na presha. Alikuwa nayo toka zamani. Alitibiwa kliniki moja ya serikali, na vidonge alichukua kila mwezi. Na kadi ya kliniki, kama mnavyokisia, iliandikwa jina la kazini. Boniface Mutalemwa. Alipoomba jina libadilishwe, alielezwa kwa adabu kabisa kwamba alete kitambulisho kipya kikitoka. Kwa sasa atumie hicho kilichopo.

Nawaomba msikilize hapa. Coletha alinisimulia hili juzi, mara moja tu, na akaniomba nisimrudishe.

Ilikuwa mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi. Walikuwa wamekaa wote wawili kwenye benchi kliniki, Coletha amemsindikiza kwa sababu hakumwamini. Foleni ikasogea. Muuguzi akatoka na faili mkononi, akaita: "Boniface Mutalemwa."

Protas akatazama mbele.

Muuguzi akaita mara ya pili. Coletha akampiga mumewe kiwiko. "Baba Clara. Wewe huyo."

Protas akaendelea kutazama mbele.

Muuguzi akaita mara ya tatu, kwa sauti ya mtu ambaye ana watu sitini wanamsubiri. Coletha akaanza kusimama aitike yeye. Protas akamshika gauni. Hakumvuta kwa nguvu. Akasema, "Kaa, Mama Clara. Maiti haiitiki."

Coletha akakaa. Muuguzi akaweka faili chini ya mengine, akaita jina lililofuata.

"Neno moja," Coletha aliniambia. "Angesema nipo, basi. Na mimi nilikuwa nimeshanyanyuka. Nilikuwa nimeshanyanyuka, shemeji. Kwa nini nilikaa?"

Walimnunulia vidonge dukani, vikaisha. Akasema kadi mpya inakaribia. Kila wiki ilikuwa inakaribia. Jumanne iliyopita, saa tatu asubuhi, Protas Rwechungura alianguka kati ya mikanda yake pale stendi. Dereva mmoja wa taxi, kijana wa Kizulu, alimwingiza kwenye gari na kupita robot zote nyekundu, taa zile za barabarani, hadi hospitali. Walipofika, Protas alikuwa amekata roho. Dereva yule alibaki pale hadi Coletha alipokuja, akiwa ameshika kofia moja ya kuuza. Akasema tu, "Pole, Mama. Nimemleta malume."

Mfukoni walimkuta na kadi ya kliniki. Kwa hiyo hospitali ikaandika walichokiona. Chumba cha maiti kikampokea Boniface Mutalemwa.

Sasa fikiria. Mwili unatakiwa usafiri hadi Kamachumu. Kamachumu kuna kaburi la Boniface Mutalemwa, udongo wake haujakaa sawa. Na mtu mwingine anakwenda kushushwa na jina hilohilo, shamba la pili kutoka pale. Mzee wa watu aliacha kazi, akaacha dawa, na mwishoni jina lile limemsubiri mlangoni na kumvaa tena.

Coletha alipanda juu ya stuli. Akapapasa juu ya kabati, kwenye vumbi, akaipata ile karatasi ya polisi. Imekunjwa mara nne kama alivyoitupa. Akaipeleka. Wakalinganisha vidole. Ikawachukua siku tatu, simu nyingi, na Mwalimu Nkatha akisimama kwenye kaunta mbalimbali akieleza jambo lilelile kwa sauti ileile.

Siku ya tatu, Ijumaa, waliketi kwenye viti vya plastiki nje ya chumba cha maiti, Coletha na Clara na Mwalimu. Mhudumu akatoka na daftari. Bado alikuwa na orodha ya zamani. Akaita, "Familia ya Boniface Mutalemwa."

Clara akampiga mama yake kiwiko. "Mama. Wanatuita."

Coletha akatazama mbele.

Mhudumu akaita tena. Clara akaanza kusimama. Na Coletha, mwanamke huyu aliyeniambia jina haliivi sufuriani, akamshika binti yake gauni. "Kaa," akamwambia. "Si sisi."

Mhudumu akaita mara ya tatu. Akaangalia daftari, akarudi ndani. Mwalimu Nkatha anasema dakika zile hakuthubutu hata kumgeukia Coletha. Mlango ukafunguliwa tena. Mhudumu akashika karatasi nyingine, mpya, ya kuchapwa. Akaisogeza karibu na macho, kwa sababu jina lilikuwa gumu kwake, akalisoma kwa vipande. "Protas... Rwe... Rwechu-ngura."

Coletha akasimama. Akasema, "Nipo."

Wasikilizaji wapendwa, ninamaliza.

Nilimuuliza Coletha, je, niseme leo kwamba mumewe alikuwa shujaa? Mwalimu Nkatha alikuwa palepale. Coletha akasema, "Waambie wasimwite shujaa. Walimwita shujaa wakaandika jina lisilo lake. Sema alikuwa amechoka. Sema alitaka kupumzika na jina lake." Mwalimu hakubisha. Aliniambia baadaye kwamba Jumamosi darasa litaendelea, ila lile jibu lake la kuchekesha hatalitoa tena.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Mama Clara. Pole, Clara. Pole kwa ukoo wote wa Kamachumu, na kwa familia ya Boniface Mutalemwa pia, ambayo nilitangaza msiba wao mbiombio mwaka jana. Nao pia wamefiwa. Pole kwa Libère na wenzake, waliomlilia mara mbili.

Na wewe unayenisikiliza. Kesho alfajiri, kwenye geti fulani la Mobeni, au kule bandarini, utaitwa jina ambalo mama yako hakukupa, nawe utaitika. Sikulaumu. Itika, ule, watoto wasome. Na ukiitwa kliniki, nakusihi, itika. Ila ukifika nyumbani jioni, kabla hujavua viatu, mwombe mtu mmoja akuite jina lako. Mkeo, mwanao, jirani. Akuite kwa sauti, uitike.

Imebaki ahadi yangu. Mtangazaji wa saa inayofuata ameshaanza kukohoa mlangoni. Leo atasubiri.

Tangazo la kifo. Protas Rwechungura, wa Kamachumu, mkazi wa Isipingo, dereva wa foklifti kwa miaka ishirini na mitatu katika ghala la Mobeni, amefariki dunia. Misa ni kesho saa nne, kanisa la Isipingo. Mwili utasafirishwa Jumanne.

Narudia, polepole.

Protas Rwechungura.